Mnyama wa Chini ya Ngazi

Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, Chiriku alivua bangili zake, akavua saa ya mkononi, akavitia vyote ndani ya kiatu chake cha kushoto nje ya mlango wa kibanda cha sauti, kisha akaingia pekupeku. Kipaza sauti cha humo ndani kilikuwa na masikio kama ya mama mkwe. Kilisikia bangili, kilisikia tumbo la mtu aliyekuja kazini bila kunywa chai, na siku moja kilisikia hadi kope. Ndiyo maana kuta zilibandikwa sponji na vipande vya mazulia makuukuu, na karatasi za maneno ziliwekwa juu ya taulo ili zisichakarishe.

Kazi yenyewe ilikuwa kuingiza sauti. Filamu zilitoka nchi za mbali na lugha zao, na pale studio walizivua lugha hizo wakazivisha Kiswahili. Chiriku alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na tisa kila msichana mdogo aliyelia, aliyepotea msituni au aliyebishana na sungura katika filamu zao alikuwa ni yeye. Wala hakuwa akiigiza. Sauti yake ilikuwa na miaka kumi na miwili.

Ilisimama hapo, haikuendelea. Mwili ulikua, ukaolewa, ukaachika (mume alilalamika kwamba kila wakigombana majirani hugonga mlango kuuliza anampigia nini mtoto), ukaota na mvi mbili juu ya sikio la kulia. Sauti ikabaki palepale. Daktari alimmulika koo kwa tochi, akasema koo ni zima, ila sauti haijaambiwa iendelee. Akipiga simu ofisi yoyote alijibiwa, "Niitie mama, mtoto mzuri." Alishazoea, maana mtu huzoea hata msumari kwenye kiatu.

Filamu ya wiki ile ilikuwa ya msichana anayeishi katika nyumba yenye ngazi nyingi. Anaona jambo humo ndani, analisema mezani, na meza nzima inamwambia hajaona kitu. Msichana anaanza kuyameza maneno yake. Kila neno analolimeza linakwenda kuliwa na mnyama anayeishi chini ya ngazi, na mnyama ananenepa mpaka nyumba inaanza kutikisika. Wakubwa wanaweka kufuli mlango wa chini. Mwishoni msichana anashuka mwenyewe na taa, anamkuta mnyama, na badala ya kumuua anamtazama machoni na kusema, "Sikudanganya." Kisha anapanda naye mpaka mezani, mnyama anavutiwa kiti, na watu wanaendelea kula wakiwa naye. Hiyo ndiyo filamu nzima, dakika mia moja na nne.

Neno hilo moja, "Sikudanganya," Chiriku alikuwa amelisubiri miaka thelathini na mmoja.

Alipokuwa na umri wa sauti yake, baba yao wa kambo alikuwa na tabia ya kuingia chumbani kwa dada yake na kufunga mlango kwa komeo. Dada alikuwa na miaka kumi na mitano. Chiriku, ambaye hakupewa jina hilo bure, alilisema jambo hilo mbele ya wageni, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Jumamosi iliyofuata wakubwa wa ukoo waliitwa. Viti vikapangwa ukutani. Mama alimsimamisha katikati ya sebule, akaweka mkono mgongoni mwake kama anayembembeleza, na kwa vidole viwili akaishika nyama na kuifinya taratibu.

"Sema, mwanangu," mama alimwambia. "Funika kombe mwanaharamu apite."

"Nilidanganya," Chiriku alisema. "Nisameheni."

Wakubwa wakashusha pumzi, soda zikafunguliwa, na baba wa kambo akamsamehe mbele ya watu wote. Kusamehewa na mtu kama yule hakutoki mwilini kwa kuoga. Dada alikuwa amesimama mlangoni na trei ya glasi. Alizigawa zote bila kumwaga tone, na mwaka uliofuata akahamia mji mwingine, akawa haji tena kulala nyumba ile.

Wiki moja kabla ya kuanza kurekodi, Chiriku alimpigia simu. Katika miaka yote hiyo walizungumza habari za homa, harusi na bei ya viatu vya shule, lakini lile hawakuligusa hata siku moja.

"Dada, kuna filamu naifanya. Mwishoni kuna mtoto anasema hakudanganya."

Dada alikuwa jikoni. Nyuma yake kulisikika kijiko kikigonga sufuria.

"Utalisema wewe?"

"Mimi."

"Kwa sauti hiyohiyo?"

"Sina nyingine, dada."

"Basi ikitoka nitampeleka mwanangu tukamsikie huyo mtoto," dada alisema. "Ana miaka kumi na miwili sasa. Haya, mchuzi wangu unaungua." Akakata simu.

Hilo ndilo lililomfanya Chiriku avue bangili kwa haraka asubuhi ile, na kumsalimia fundi wa sauti kwa uchangamfu ambao fundi hakuwa ameuzoea siku za Jumatatu. Fundi alikaa upande wa pili wa kioo na kofia yake ya sufu, kwa sababu ya kiyoyozi. Alimpenda Chiriku kwa jambo moja: maneno yake yalikuwa makavu. Neno kavu, katika kazi hiyo, ni neno lenye kimya mbele na kimya nyuma, lisilogusana na jirani yake. Waingiza sauti wa zamani hawakumpa fundi neno kavu hata kwa dawa. Walivuta pumzi juu ya neno, waliburuza mwisho wake, waligandisha hili na lile, kwa kuwa walijua neno kavu linaweza kung'olewa likapandwa popote. "Usimwachie fundi neno kavu," bibi mmoja wa kazi hiyo alimwonya Chiriku mwaka wake wa kwanza. "Utakuja kujisikia unasema ambayo hujayasema." Chiriku alicheka. Alipenda kazi safi, na maneno yake yalikaa ndani ya kompyuta ya fundi kama mayai kwenye trei.

Walianza na vipande vidogo, kama kawaida. Kulikuwa na mahali msichana amevunja kikombe akamsingizia paka, halafu anakiri: "Nilidanganya." Chiriku alilisema mara moja tu. Kwa habari ya kikombe neno lile halikumuuma. Kulikuwa na mahali amechelewa shuleni na wenzake wote wamesimama juani wakimngoja: "Nisameheni." Nalo akalisema mara moja.

"Safi," fundi alisema kwenye hedifoni. "Makavu kabisa."

Saa nne na dakika kumi walifika chini ya ngazi. Kwenye skrini mnyama aligeuza kichwa, akamtazama Chiriku, akainuka na kutoka. Alitokea pembe ya chini ya skrini, kichwa kwanza, kisha mabega, na miguu ya nyuma ikafuata kwa shida kidogo. Mkia aliukunja usije ukanasa kwenye waya. Alikuwa na ukubwa wa mbuzi, manyoya ya kijivu yenye unyevu, na harufu ya sanduku lililofungiwa sare za shule kwa miaka mingi. Akajilaza juu ya miguu ya Chiriku. Alikuwa na uzito wa mtu aliyekuja kukaa.

"Chiriku," fundi alisema, "kuna pumzi inaingia."

"Ni mnyama."

"Mwambie apumue kwa pua."

"Anapumulia hiyohiyo pua."

"Basi mfunike na blanketi, tumalize kabla ya saa sita."

Wakamfunika na blanketi, wakamaliza vipande vya siku hiyo kabla ya saa sita, wakaliacha neno la mwisho mpaka Alhamisi. Kwenye filamu, chini ya ngazi pakabaki vumbi na utando wa buibui, na msichana akawa anamulika mahali patupu. Fundi aliliandika hilo kwenye karatasi ya kasoro, baada ya taa iliyochezacheza na kabla ya mlio wa gari.

Jioni mlinzi wa getini alitaka mnyama aandikishwe kwenye daftari la wageni. Pale penye "anakotoka" Chiriku aliandika "ndani." Mlinzi aliona jibu linatosha.

Jumanne walifanya kazi siku nzima. Kila mahali ambapo msichana alianza kusema kitu na meza ikamkatiza, Chiriku alimeza mate, na mnyama miguuni pake naye akameza. Hadi jioni alikuwa ameshafikia ukubwa wa ndama. Mfagizi wa ofisi alizoa manyoya yake kwa kizoleo na kuuliza kama kesho atakuwepo tena, ili aje na mfuko mkubwa zaidi.

Jumatano meneja wa studio aliitisha kikao. Alimleta mshauri wa maadili, mzee mwenye kalamu nne kwenye mfuko wa shati, ambaye kazi yake ilikuwa kuzitazama filamu kabla ya watoto na kuwaamulia watakachokielewa. Alikuwepo pia mfasiri, mwanamke kijana aliyeyatoa maneno yote kwenye lugha ya kigeni na kuyatia Kiswahili, na ambaye hakuwa amelala vizuri. Chiriku alikaa mwisho wa meza. Mnyama alilala mlangoni, na waliokuja na chai walimruka.

"Tujiulize kwanza," mshauri alianza, "huyu mnyama anawakilisha nini?"

"Shetani," alisema meneja.

"Wengine wangesema balehe. Tazama manyoya."

"Anakula maneno ya mtoto," mfasiri alisema. "Ni hasira yake. Wamemfungia chini, naye mtoto anajitambua siku anayoshuka kumchukua."

"Hasira ya nini?" meneja aliuliza. "Mtoto anakula, analala, anasoma. Nyumba ina ngazi kila upande."

"Kuna kitu alikiona."

"Kitu gani?"

"Filamu haisemi."

"Basi hakukiona," mshauri alisema, akaliandika hilo.

Walizungumza saa nzima kuhusu maana ya mnyama, na katika saa hiyo hakuna aliyegeuza shingo kumtazama pale alipolala. Mwishowe walikubaliana kwamba anawakilisha ukaidi, na kwamba ukaidi hauvutiwi kiti mezani. Kwa hiyo msichana akishuka na taa atatambua kosa lake. Atasema, "Nilidanganya. Nisameheni."

"Hivyo sivyo alivyosema," mfasiri alisema.

"Wewe umeshatafsiri, tunashukuru," meneja alimjibu. "Sasa tunaboresha. Wanaoleta watoto sinema ni wazazi. Mzazi akitoka na mtoto mwenye maswali, harudi tena."

Chiriku alisimama. "Bosi, maneno hayo mimi siyasemi."

Meneja na mshauri wakatabasamu. Ndivyo ilivyokuwa kila aliposema neno kikaoni kwa sauti ile. Watu wazima walitabasamu kama wanaotazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake, na mmoja angeongeza, "Hodari!" Safari hii alikuwa mshauri.

"Ni maneno mawili tu, mama," meneja alisema. "Si hotuba."

Alikuwa na mengi ya kuwajibu. Alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, na wale waliokaa kwenye viti vya ukutani, na yule aliyefungua soda. Yalimpanda mpaka kwenye meno, akaona wanatabasamu bado, akayameza. Pale mlangoni mnyama alitafuna kwa muda mrefu. Alipomaliza, mabega yake yalikuwa yamebana fremu ya mlango pande zote mbili, na ikabidi seremala aitwe kufungua bawaba ili watu watoke kwenda kula.

Alhamisi meneja alikuja mwenyewe akasimama nyuma ya fundi. Kibandani mnyama alikuwa amejaa kuanzia ukuta mpaka ukuta, kiti kikatolewa, na Chiriku akasimama ubavuni pake, mkono mmoja ndani ya manyoya. Kwenye karatasi neno la mfasiri lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake yakaandikwa yale mawili. Aliyasoma. Palepale mgongoni alisikia vidole viwili, mahali palepale, kama havikuwahi kuondoka. Hasira ilimpata. Haikuwa ya jana wala ya juzi. Ilikuwa ya miaka thelathini na mmoja, imenona, ina mabega na pumzi, na kwa mara ya kwanza hakuiogopa.

"Tayari?" fundi aliuliza.

Kwenye skrini msichana aliinua taa na kufungua mdomo.

"Sikudanganya," Chiriku alisema.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, nzito, yenye mkwaruzo kidogo chini. Ilikuwa imeolewa, imeachika, imeamka alfajiri na kusubiri kwenye foleni. Fundi aliteremsha kitufe kimoja ili isizidi kipimo.

"Rudia," meneja alisema.

"Sikudanganya."

"Imekua," fundi alimweleza meneja.

"Tangu lini?"

"Sasa hivi."

"Itarudi?"

Fundi alimtazama Chiriku kupitia kioo, naye akatikisa kichwa.

"Ingekuwa hasara kama tusingekuwa tumeshamaliza vipande vingine," meneja alisema. "Sasa hili tunalifanyaje?"

Fundi alivua kofia yake ya sufu, akaivaa tena. "Maneno yote mawili ninayo," alisema. "Makavu."

Kazi ilichukua dakika kumi na moja. Chiriku alisimama nyuma ya kiti cha fundi akaona jinsi alivyoling'oa "Nilidanganya" kwenye kikombe na "Nisameheni" kwenye uwanja wa shule, akayapanda chini ya ngazi, kinywani mwa msichana aliyeshika taa. Yalikaa utadhani yalizaliwa hapo. Hata midomo ilikubali. Na kwa kuwa mnyama hakuwemo tena, kiti alichovutiwa mezani kilibaki kitupu, na ilionekana tu kwamba msichana amejisafisha akarudi kula na wenzake. Mshauri wa maadili alipoonyeshwa aliguswa sana. Alisema mambo yamejipa yenyewe.

"Yatoe hayo, kaka," Chiriku alimwambia fundi walipobaki wawili.

"Dada, mimi naambiwa tu."

Hapo ndipo alipotamani kuivunja ile kompyuta kwa kisigino. Siku ile ya viti pia kila mtu aliambiwa tu. Aliyepanga viti aliambiwa, aliyefungua soda aliambiwa. Ukitafuta aliyesema unamkuta amekaa katikati, mikono magotini, anasubiri kukusamehe. Alimwambia fundi yote hayo kwa sauti yake mpya, hakubakiza, na mnyama hakupata cha kula. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akahifadhi kazi yake.

Meneja alimwandikia barua ya shukrani kwa miaka kumi na tisa, akamtakia heri, na wiki hiyohiyo akaanza kutafuta mtoto mwingine.

Chiriku alirudi nyumbani kwa miguu, mnyama nyuma yake. Askari wa barabarani aliyasimamisha magari ili wavuke. Mwenye nyumba aliuliza kama mnyama anachimba, akaambiwa hachimbi, akasema haina neno ilimradi asichafue ngazi.

Siku tatu mfululizo alikwenda kukaa mapokezi ya ofisi ya meneja, na siku tatu mfululizo bosi alikuwa kikaoni. Chiriku hakumpigia dada yake. Alijiambia atampigia akiwa na habari njema, na katika mambo haya yote hilo ndilo kosa lililokuwa lake peke yake. Nia yake ilikuwa kusimama siku ya uzinduzi, msichana akifika chini ya ngazi, na kulisema neno lenyewe kwa mdomo wake.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi, saa nane mchana, na saa ileile filamu ilianza katika kumbi za miji mingine. Meneja alikuwa amewaalika wazazi wa waingiza sauti wote, viti vya mbele, na kila mmoja na chupa ya maji. Mama alikuja na gauni jipya. Baba wa kambo alikuja na fimbo. Alikuwa amezeeka vizuri, kama wanavyozeeka watu waliolala usingizi wao wote, na njiani watu walisimama kumpa mkono. Mnyama alikuwa amejilaza kwenye njia ya katikati. Mzee alimgusa ubavu kwa ncha ya fimbo.

"Wa nani huyu?"

"Wa nyumbani," mama alijibu bila kumtazama, akainua pindo la gauni, akamruka.

Taa zikazimwa. Chiriku alijisikia akibishana na wakubwa, akiimba, akilia, akivunja kikombe. Kiti chake kilikuwa kati ya mama na ukuta. Msichana aliposhika taa na kuanza kushuka, Chiriku alisimama.

"Nilidanganya," msichana alisema. "Nisameheni."

"Sikudanganya!" Chiriku alisema, na sauti yake ilifika mpaka mlango wa nyuma. "Hakusema hivyo! Wala mimi sikudanganya!"

"Shh!" watu walisema. "Mama, tunasikiliza."

"Kaeni chini jamani, kuna watoto hapa," alisema mwingine.

Mhudumu wa ukumbi alikuja na tochi akamwomba kwa adabu aheshimu wenzake. Mama alimvuta sketi. "Keti, mwanangu. Tumeshamaliza hayo." Hakuonyesha kuishangaa sauti yake. Alisikika kama mtu aliyekuwa akiisubiri kwa muda mrefu na kuomba asiwe hai siku itakapofika.

Taa zilipowashwa watu walipiga makofi wamesimama. Baba wa kambo alikuwa akijifuta macho kwa kitambaa.

"Filamu ina mafunzo," alisema. Kisha akamwinamia Chiriku, akamwekea mkono begani. "Mimi nilishakusamehe zamani, mwanangu. Unajua."

Chiriku alimtazama mnyama. Alisubiri. Kama kuna siku ya kufungua taya zile, ilikuwa ile, na koo lilikuwa lile pale, limefungwa tai ya buluu. Mnyama alimtazama mzee kwa utulivu, akamtazama na yeye, akalaza kichwa chini. Alikuwa anakula maneno tu. Watu hakuwahi kufundishwa kuwala. Mzee alimruka kwa msaada wa fimbo, akaenda kupiga picha na meneja.

Jumapili, saa nne asubuhi, Chiriku alimpigia dada yake.

"Hallo? Nani mwenzangu?"

"Mimi, dada."

"Mimi nani?"

"Mdogo wako."

Chiriku alitega sikio upande wa pili. Safari hii hakukuwa na kijiko wala sufuria.

"Mama, umekosea namba," dada alisema kwa heshima, kama mtu anavyomjibu mwanamke mzima asiyemfahamu. "Mdogo wangu ana sauti ya mtoto. Jana tu nimekwenda kumsikia."

"Ni mimi. Wameyaunganisha yale maneno, dada, wameyatoa kwingine. Mimi sikudanganya. Nililisema hivyo, mara mbili nimelisema. Sikudanganya."

"Angelisema yeye, ningefurahi," dada alisema. "Lakini nilikuwa ukumbini. Alisema neno kwa neno, kama siku ile. Hata kutua, alitua palepale." Kisha akaongeza: "Kama unamfahamu, naomba umfikishie ujumbe. Mwambie mwanangu ameniuliza kwa nini yule msichana aliwasingizia watu wazima wote wale. Mwambie nimekosa jibu."

Akakata. Chiriku alipiga tena, na tena, na simu ikaita mpaka ikachoka. Mnyama alikuwa amelala kizingitini, nusu ndani na nusu kwenye ngazi, akipumua kwa pua. Alimwekea maji kwenye beseni la kufulia, akaketi ubavuni pake.

Filamu ilionyeshwa kwa wiki tisa, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Kila siku, mara mbili, katika miji yote, msichana wa miaka kumi na miwili alishuka ngazi na taa mkononi akasema alidanganya, na wazazi waliendelea kupeleka watoto.